Admini, Andika Kanuni Kabla Hamjagombana

Maswali huja kila wiki na huwa ni yale yale. Yanatoka Huruma, Kiamaiko, Mathare North na Kariobangi, na siku hizi hata Rongai. Kijana amechora skini ya nganya kwa siku kadhaa, mwenzake amefuta jina lake na kuipeleka kundi jingine, naye kwa kuwa ni admini anauliza kama amtoe. Mwingine ameshamtoa mtu, na sasa nusu ya kundi haisemi naye. Kuna wazazi pia, wanaotaka kujua hilo kundi la mabasi ambalo mtoto hushinda humo ni la nini.

Kwa asiyefahamu mambo haya, vijana wengi wa Eastlands, Nairobi, wanacheza Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo ya Indonesia. Gemu hiyo humruhusu mchezaji kulipaka basi rangi na michoro anayotaka, yaani skini, na hata kuingiza gari jingine kabisa, yaani modi. Ndiyo maana leo unaweza kuendesha basi la Kisumu au nganya (matatu iliyorembwa) ya Buruburu katika barabara za Java. Wenye kompyuta wako kwenye Euro Truck Simulator 2 au GTA San Andreas. Modi zenyewe husambazwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram, na ugomvi huzuka humo humo.

Niseme mapema ninaloliamini. Makundi mengi hayauawi na wakosaji. Huuawa na namna maadmini wanavyowashughulikia wakosaji. Kwa hiyo humu nitakaa zaidi kwenye yanayofuata kosa kuliko kwenye orodha ya makatazo.

Mnalinda nini?

Kabla ya kuandika chochote, kubalianeni juu ya mambo matatu:

- Jina la fundi, yaani aliyetengeneza skini au modi. Wengi hawalipwi hata shilingi. Jina likifutwa, wamefanya kazi bure kweli kweli.
- Simu ya mwanachama. Mara nyingi si yake, ni ya mama au ya kaka, na humo mna M-Pesa.
- Mtoto aliyemo ndani. Yumo, hata kama hamjui ni nani.

Kanuni isiyolinda mojawapo ya hayo ni ya adabu tu. Iwekeni mkipenda, lakini msimtoe mtu kwa sababu ametuma stika nyingi usiku.

Kanuni saba zinatosha

Kosa la kwanza la maadmini wapya ni kunakili kanuni za Kiingereza kutoka seva fulani ya Marekani, kurasa mbili nzima, zisizosomwa na yeyote. Andikeni chache, kwa lugha mnayoongea. Kama kundi lenu huongea Sheng, ziandikeni kwa Sheng. Hizi hapa mnaweza kuzichukua na kuzibadilisha:

1. Ukituma modi au skini, taja fundi. Kama humjui, sema humjui, na usiiombee pesa.
2. Usipeleke kazi ya mtu nje ya kundi wala kuibadilisha bila ruhusa ya fundi.
3. Kila faili liwe na maelezo: gemu, toleo, ukubwa kwa MB, na jinsi ya kuliweka.
4. Hakuna APK (faili la kusakinisha programu). Hakuna viungo vilivyofupishwa.
5. Hakuna matusi ya kabila, dini au jinsia. Hakuna kampeni za siasa.
6. Hakuna picha za ngono, vitisho, wala nambari au picha ya mtu asiyekubali.
7. Ukiwa na lalamiko, mwandikie admini faraghani. Utajibiwa ndani ya saa 48.

Hiyo ya ukubwa wa faili msiidharau. Mtu anayenunua bando la siku hawezi kupakua MB 300 ndipo agundue kwamba modi ni ya toleo la zamani na haifunguki. Mwambieni kabla data yake haijaisha.

Ziwekeni kwenye maelezo ya kundi, pale zinaposomeka hata na aliyeingia leo. Mkizibandika juu kama ujumbe, kumbukeni kwamba WhatsApp hubandika ujumbe kwa siku 30 mwisho, kisha huondoka wenyewe. Mmoja wenu awe na jukumu la kuzibandika tena kila mwanzo wa mwezi.

Skini ikiibwa

Hapa ndipo malalamiko mengi yalipo, basi tuende taratibu.

Skini ya basi ni picha ya PNG iliyotandazwa kama ngozi: ubavu huu, ubavu ule, mbele, nyuma, paa. Fundi huweka jina lake dogo mahali fulani, mara nyingi chini ya taa za nyuma au kando ya tairi. Anayeiba hufunika jina hilo kwa rangi. Ukiikuza picha hiyo utaona kipande cha rangi tambarare, kisicho na kivuli kilichopo pembeni mwake, kimekaa pale kama kiraka. Tazama pia kingo za herufi. Picha iliyotumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, ilhali iliyotumwa kama hati hubaki ilivyo. Anayedai kazi ni yake halafu faili lake ndilo lenye herufi zenye ukungu, ana maswali ya kujibu.

Lalamiko likifika, fanyeni hivi:

1. Mpokeeni mlalamikaji faraghani, mwombeni asiandike tena kundini hadi mmalize.
2. Ombeni pande zote mbili faili la kazi lenye tabaka, lile la PixelLab, PicsArt au programu yoyote waliyotumia. Mwizi huwa na picha iliyokamilika tu.
3. Tafuteni ni nani aliyeituma kwanza. Tarehe ya ujumbe kundini ni ushahidi mzuri.
4. Maadmini wawili waamue, na wote wawili wasiwe marafiki wa karibu wa upande wowote.
5. Tangazeni uamuzi kwa sentensi mbili. Mkosaji airudishe na jina sahihi au aifute. Basi.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda aliyechora tangu kazi inapokuwapo. Halazimiki kusajili kwanza, ingawa bodi ya hakimiliki, KECOBO, husajili kazi za wanaotaka. Kwa hiyo kijana wa Huruma aliyechora kwa simu ana haki kamili. Msimwambie kwamba mambo ya gemu si mali.

Lakini haki hiyo inamfunga kijana huyo pia, na hapa huwa nasisitiza. Nganya halisi nayo ina mchoraji. Yule aliyesimama gereji na kopo la rangi, akachora uso wa mwanamuziki ubavuni mwa gari, ndiye mwenye mchoro. Ukiuhamisha mchoro wake kwenye gemu, mtaje. Vivyo hivyo umbo la basi lenyewe: modi nyingi tunazoziita za Kenya zimejengwa juu ya umbo la fundi wa Indonesia, likabadilishwa taa na carrier ya paani. Fundi huyo naye anastahili kutajwa. Kundi linalolilia majina yake na kufuta ya wengine halina hoja ya kusimamia.

Mwelekezeni kila fundi aandike ruhusa yake anapotuma kazi. Ngazi nne zinatosha:

- tumia mwenyewe tu;
- sambaza, lakini usibadilishe;
- badilisha, lakini nitaje;
- fanya utakavyo.

Asiyeandika chochote achukuliwe kuwa amesema ya kwanza.

Na fundi akitaka kuondoka na kazi zake?

Swali gumu, na hata makundi makubwa duniani yamewahi kuumia nalo. Mwaka 2021 Nexus Mods, hazina kubwa ya modi iliyoko Uingereza, ilitangaza kwamba faili likishawekwa halitafutwa kabisa, litahifadhiwa tu, ili mikusanyo ya modi inayolitegemea isivunjike. Mafundi walipewa muda mfupi wa kuondoa kazi zao kabla ya kanuni kuanza, na wengi waliondoka kwa hasira. Kabla ya hapo, mwaka 2014, fundi mmoja wa mradi wa Bukkit wa gemu ya Minecraft alitumia sheria ya hakimiliki ya Marekani kuondoa kazi yake, na mradi uliotegemewa na seva nyingi ukasimama.

Ushauri wangu kwa kundi la mtaani ni kumpa fundi haki ya kuondoka na kazi yake, na kuliandika hilo leo. Hamna mikusanyo mikubwa itakayovunjika, na kumbakiza mtu kwa nguvu hakuleti skini mpya. Ongezeni jambo moja tu: akishaiondoa, waliokuwa wameipakua hawadaiwi kuifuta katika simu zao.

Faili chafu

Mwezi Juni 2023 wachezaji wa Minecraft waligundua kwamba baadhi ya modi kwenye CurseForge, mahali palipoaminika kwa miaka, zilikuwa na programu hasidi iliyoitwa Fractureiser, ya kuiba nywila na pesa za kidijitali. Kama walinaswa watu wenye zana za ukaguzi, kundi la WhatsApp lisidhani litanusurika kwa bahati.

Modi halali ya Bus Simulator Indonesia mara nyingi huwa na jina linaloishia .bussidmod, na skini ni picha. Ya Euro Truck Simulator 2 huishia .scs. Hakuna sababu ya modi hizo kuja kama APK. Mtu akituma APK na kusema ni gemu yenye pesa zisizoisha, anakutaka usakinishe programu asiyoijua mwenyewe. Ikiomba ruhusa ya kusoma SMS, ujumbe wa benki na nambari za siri za muda vyote viko wazi. Mama yake mwanachama ndiye atakayelia.

Utaratibu unaofaa:

- Chagueni wawili wenye simu ya zamani isiyo na laini wala M-Pesa, wajaribu kila faili jipya kwanza.
- Faili lisilojaribiwa lisisambazwe, hata likitoka kwa rafiki.
- Viungo vifunguke moja kwa moja kwenye faili. Kile kinachokupitisha kurasa tano za matangazo na vitufe vya uongo, kataeni.
- Nywila ya faili lililobanwa iandikwe kwenye ujumbe ule ule.
- Mkigundua faili baya, lifuteni kwa wote, kisha tangazeni jina lake wazi. Kulifuta kimya kimya huwaacha waliokwisha kulisakinisha bila habari.

Aliyetuma mara nyingi hakujua. Muulizeni alikolitoa kabla ya kumhukumu.

Ngazi za adhabu

Kila mwanachama ajue, kabla hajakosea, kitakachompata. Napendekeza ngazi tatu:

1. Onyo la faragha. Taja kanuni, taja ujumbe, mwambie afanye nini.
2. Kutolewa kwa siku saba. Mwambie tarehe ya kurudi.
3. Kutolewa kabisa. Kwa aliyerudia mara ya tatu katika miezi mitatu.

Angalieni jambo la kiufundi. Telegram na Discord humruhusu admini kumnyamazisha mtu mmoja kwa muda. WhatsApp haina hilo. Humo ama unafunga mdomo wa kundi zima ili maadmini pekee waandike, ama unamtoa mtu. Ndiyo maana ngazi ya pili nimeiandika kama kutolewa kwa siku saba. Kama kundi limepita watu mia mbili, mimi ningelihamishia Telegram kwa sababu hii peke yake.

Ujumbe wa kumtoa mtu usiandikwe kwa hasira. Tumieni maneno kama haya (admini wa rufaa nitamweleza mbele):

*Habari. Umetuma APK leo baada ya kuonywa tarehe 3. Hiyo ni kanuni ya 4. Unatoka kundini kwa siku saba na utarudishwa Jumamosi tarehe 17. Ukiona tumekosea, mwandikie admini wa rufaa kabla ya hapo.*

Kuna makosa yasiyo na onyo: kumtishia mtu, kusambaza picha zake za faragha, kutuma faili baya kwa makusudi, kumtongoza mtoto. Mwenye kosa kama hilo anatoka mara moja. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inayahusu haya, kwa hiyo mnaweza kuwa mnashughulika na jinai, wala si utovu wa nidhamu tu. Pigeni picha ya skrini ya vitisho na nambari ya aliyetuma kabla ya kufuta.

Kwa picha za ngono za mtoto ni kinyume: msizihifadhi, msizipige picha, msizipeleke kwa admini mwingine "aone". Kuzimiliki na kuzisambaza ni kosa hata kwa mwenye nia njema. Andikeni nambari ya aliyetuma na saa, kisha ripotini polisi au mpigie 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, mwelekezwe la kufanya. Ujumbe wenyewe ufuteni kwa wote.

Na msimwachie mtu mmoja kazi ya kutazama uchafu. Nairobi inalijua hili kwa uchungu. Mwaka 2022 Daniel Motaung alizishtaki kampuni za Meta na Sama katika mahakama ya hapa kwa yaliyompata akikagua maudhui ya Facebook, na mwaka uliofuata wakaguzi wengine 184 wakafungua kesi yao. Ripoti ya daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iliyowasilishwa katika kesi hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa na maradhi ya kiwewe. Hao walikuwa wafanyakazi wanaolipwa. Kijana wa kidato cha tatu asiwekwe zamu ya usiku kukagua picha.

Makosa ya maadmini

Haya ndiyo huvunja makundi:

- Kuamua ukiwa umekasirika. Kama aliyetukanwa ni wewe, admini mwingine ndiye aamue. Bila hivyo hata uamuzi wa haki utaonekana kisasi.
- Kumwacha rafiki. Kundi zima linajua mnakaa ploti moja. Mkimwonya mgeni na kumwachia jirani, kanuni imekufa siku hiyo.
- Kesi hadharani. Mkishaanza kubishana mbele ya watu 300, mkosaji anatetea heshima yake, hawezi tena kukiri.
- Kanuni ya jana kwa kosa la juzi. Kanuni mpya ianze siku ya kutangazwa.
- Kufuta bila kusema. Ujumbe ukitoweka, watu hubuni sababu.
- Admini mmoja. Simu ikiibiwa kwenye stage, kundi halina mwenyewe. Na laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, ambaye anaweza kujikuta ameshika kundi lenu.

Kuhusu hilo la mwisho, maadmini wawe watatu kwa uchache, wasiishi nyumba moja, na kila mmoja awe amewasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp yake. Mmoja wa hao watatu awe wa rufaa tu: hatoi onyo, hamtoi mtu, anasikiliza waliotolewa. Akisema mlikosea, mrudisheni mtu na mseme kundini kwamba mlikosea. Wengi huogopa kwamba watadharauliwa. Nimeona kinyume: baada ya admini kurudisha uamuzi mara moja, watu huanza kukubali maonyo.

Wekeni pia daftari la adhabu. Karatasi ya kawaida inatosha: tarehe, nani, kanuni gani, nani aliamua. Kumbukumbu ya kichwa hupendelea marafiki bila hata kukusudia.

Siasa kwenye ubavu wa gari

Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali, na Huruma na Mathare wanajua gharama ya maneno. Ghasia zilizotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 bado zinakumbukwa katika ploti hizi hizi. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya mwaka 2008 hufanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa, na kundi la gemu halina kinga.

Swali linaloulizwa ni kuhusu skini yenye uso wa mwanasiasa. Nganya za kweli huwa nazo, kwa nini za gemu zisiwe nazo? Mimi ningeruhusu uso. Ningekataa kauli ya kampeni, ningekataa tusi kwa mpinzani, na ningekataa kabisa ujumbe unaoambatana na skini hiyo kuuliza nani ni wa kabila gani. Mkiona mabishano yameanza, fungeni kundi hadi asubuhi, msingoje tusi la kwanza. Wiki ya kupiga kura, modi mpya zitumwe na maadmini pekee.

Watoto na wazazi wao

WhatsApp inataka mtumiaji awe na miaka 13. Mnajua na ninajua kwamba wenye 11 wamo, kwa simu ya nyumbani. Katika kundi la WhatsApp nambari yake inaonekana na kila mwanachama, wema na wabaya. Telegram huweza kuificha, nayo ni sababu ya pili ya kuhamia huko.

- Msikusanye majina kamili, shule au umri wa watoto. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kushughulikia data ya mtoto.
- Mtu mzima asimwandikie mtoto faraghani kuhusu modi. Maswali yaulizwe kundini.
- Mkikutana kucheza, iwe kwenye kibanda cha gemu kilicho wazi, mchana, na mzazi awe anajua.
- Asiwepo wa kuombwa picha yake ili "athibitishe" chochote.

Mzazi, nawe una la kufanya. Mwombe mwanao akuonyeshe kanuni za kundi na akutajie admini. Kama kanuni hazipo au admini hajulikani, ana sababu ya kutoka. Kama zipo, usimpokonye simu kwa kuwa tu ni gemu. Mtoto anayechora skini anajifunza usanifu wa picha, na kuna wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Pesa

Fundi akitaka kuuza, kuna mambo mawili ya kutazama. Kwanza, masharti ya gemu yenyewe: Minecraft, kwa mfano, humruhusu fundi kumiliki modi yake lakini haimruhusu kuiuza. Pili, jina la kampuni ya mabasi au nembo yake ni mali ya wenyewe. Kuichora kwa mapenzi ni jambo moja, kuiuza ni jingine, basi ombeni ruhusa.

Watu hukasirika pesa zikiingia ghafla. Mwezi Aprili 2015 kampuni za Valve na Bethesda zilianza kuuza modi za gemu ya Skyrim, fundi akipata asilimia 25, na baada ya siku chache tu za malalamiko ziliufuta mpango mzima. Kwenye kundi lenu, oda za kuchorewa zifanywe kati ya mteja na fundi, maadmini wasishike pesa ya mtu. Bei, tarehe na idadi ya marekebisho viandikwe kabla ya M-Pesa kutumwa. Nusu kwanza, nusu baada ya kuonyeshwa kazi yenye alama ya fundi juu yake.

Najua mtasema

*Sisi ni majirani, kanuni za nini?* Kwa sababu mtaendelea kukutana kwenye ngazi za jengo baada ya ugomvi. Wasiojuana wakigombana mtandaoni huachana tu. Nyinyi hamwezi.

*Tukimtoa ataanzisha kundi lake.* Mwacheni aanzishe. Wengi hawafiki mwezi. Na wale wachache wanaofaulu, ongeeni na maadmini wao mkubaliane jambo moja, kwamba skini iliyoibwa huku haitapokelewa kule.

*Nani amekupa mamlaka?* Swali halali, hasa kutoka kwa mafundi wakubwa. Kila baada ya miezi sita wapigieni kura maadmini, kwa kutumia kura ya WhatsApp yenyewe. Anayekosa kura arudi kuwa mwanachama wa kawaida.

*Hatuna muda.* Kanuni saba zinaandikwa kwa jioni moja. Kaeni watatu, someni jumbe za mwezi uliopita zilizoleta ugomvi, na kwa kila mmoja ulizaneni ni kanuni gani ingeukata. Itakayotajwa mara nyingi zaidi iandikeni ya kwanza. Kisha wapeni wanachama wiki moja ya kuzipinga kabla hazijaanza, na mfute angalau moja ikiwa hoja yao ina uzito.